Ngoma Isiyolegea Alfajiri

Sura ya Saba

Koplo Wilfred aliingia ofisini kwa Inspekta Praxeda saa nane mchana, akapiga saluti iliyotikisa kalenda ukutani, akatangaza kwamba kile kitu cha mviringo kilichoonekana kikikimbizwa kwa bodaboda kuelekea Moa kimepatikana.

Inspekta aliweka kalamu chini. "Kiko wapi?"

"Kimebaki hukohuko Moa, afande. Kilikuwa sinia."

"Sinia."

"La pilau ya harusi. Nimelichunguza kwa kina."

Inspekta Praxeda alitazama punje ya wali iliyojikalia kwa amani juu ya kifungo cha pili cha sare ya koplo, akaridhika kwamba uchunguzi ulikuwa wa kina kweli. Basi huo ndio ukawa mwisho wa fununu pekee waliyokuwa nayo. Ilikufa kifo cha heshima, ikiwa na kachumbari pembeni.

Kilichopotea kilikuwa ngoma: duara la mbao lililowambwa ngozi ya mbuzi upande mmoja, mfano wa dufu la maulidi ila pana zaidi, linalopigwa kwa kijiti kifupi chenye vichwa viwili. Mwenye ngoma alikuwa Nuala, mwanamke wa makamo kutoka Ayalandi, na aliyeitengeneza alikuwa marehemu baba yake. Nuala alikuja Tanga pamoja na mpiga fidla aitwaye Cormac kurekodi albamu ya muziki wa asili wa kwao. Watu waliuliza kwa nini wasirekodi hukohuko kwao. Jibu alikuwa nalo Cormac, ambaye miaka ya nyuma aliwahi kufundisha hisabati hapa mjini kwa kujitolea, akapanga chumba Raskazone kwa Mzee Taimur, mfanyabiashara mwenye asili ya Oman. Nyumba ile ina sebule ya mbele yenye kuta nene za mawe na dari la juu sana. Jioni moja Cormac alipiga fidla humo ndani, na tangu siku hiyo, kwa maelezo yake mwenyewe, kila studio ya Ulaya aliiona kama kabati la nguo.

Albamu ilikuwa imekamilika isipokuwa kipande kimoja, cha mwisho, kilichokuwa cha ngoma ya baba. Juzi usiku ngoma ilifungiwa sebuleni kama kawaida. Jana asubuhi haikuwamo. Mlango haukuwa umevunjwa, madirisha yalikuwa na nondo, na ufunguo ulikuwa shingoni mwa Nehemia, fundi sauti, kijana wa Maramba aliyejifunza kazi kwa kurekodi kwaya za Kilutheri akiwa amejificha nyuma ya madhabahu ili asionekane kwenye video.

Kwa hiyo Nehemia alikuwa mahabusu. Ngoma isipopatikana leo, kesho asubuhi angefikishwa mahakamani kwa wizi, na kesho hiyohiyo wageni wangepanda ndege. Albamu ambayo ingemtangaza duniani ingetoka ikiwa na pengo, na jina lake lingebaki kwenye jalada la polisi.

Inspekta Praxeda alisimama, akavaa kofia. "Mtoe Nehemia. Tunakwenda Raskazone."

"Akatuonyeshe alivyoiba, afande?"

"Akatupigie muziki."

Koplo Wilfred alikuwa na maoni kuhusu hilo, lakini akayahifadhi mahali salama.

* * *

Mzee Taimur aliwapokea mlangoni mwenyewe, kanzu nyeupe, kofia ya kazi ya mkono, fimbo ya mpingo. Inspekta alimwamkia, naye akaitikia marahaba kwa sauti ya upole. Alimwuliza koplo habari za nyumbani, akawasikitikia kwa jua la njiani, akaagiza kahawa iletwe. Mtu mmoja tu hakumsemesha. Macho yake yalifika kwenye pingu za Nehemia, yakageuka haraka kwenda kutazama bustani, ambayo haikuwa na jambo lolote jipya.

Nuala alikuwa sebuleni, ameketi karibu na dirisha, mikono ameikalia kama mtu anayeizuia isifanye kitu. Cormac alisimama nyuma yake. Alizungumza Kiswahili cha darasani, kilichonyooka kama rula, na ndicho alichotumia kumweleza inspekta kwamba Nuala hakutaka mtu afungwe. Alitaka ngoma.

"Nami nataka ngoma," alisema Inspekta Praxeda. "Nehemia, fungua mitambo."

Nehemia aliinua mikono. "Afande, kwa bangili hizi nitafungua soda tu."

Koplo alimfungua mkono mmoja, akajifunga pingu ya pili yeye mwenyewe ili mtuhumiwa asitoroke. Hivyo kila fundi aliposogeza mkono wa kushoto, mkono wa sheria nao ulisafiri juu ya meza.

Kisha muziki ukaanza.

Inapasa kusemwa kwamba hakuna aliyekuwa amejiandaa. Inspekta alitegemea kelele za kuchangamsha, kitu cha kuchezea mguu. Kilichotoka kwenye spika kilikuwa fidla moja, polepole, ikipanda kama moshi wa ubani kwenye nyumba isiyo na upepo. Sebule iliipokea ile sauti, ikakaa nayo, halafu ikairudisha kwa taratibu, nzito zaidi kuliko ilivyoipokea, kana kwamba mawe yalikuwa yameifikiria kwanza. Chini yake ngoma iliingia. Haikupiga kwa nguvu. Iligonga kama mtu anayebisha hodi kwenye nyumba ambayo anajua wenyewe wamelala. Bi Shariffa, mke wa Mzee Taimur, alikuwa amefika mlangoni na sinia la kahawa, naye akabaki pale, mguu mmoja ndani na mwingine ukumbini.  Hakuna aliyekwenda kumpokea. Koplo Wilfred, ambaye kwa kawaida hupumua kwa sauti, aliacha.

Muziki ulipokwisha, kimya kilichobaki kilikuwa kikubwa kuliko chumba.

Inspekta Praxeda alikohoa. Alihitaji kukohoa ili akumbuke yeye ni nani. "Tena," alisema. "Lakini ngoma peke yake. Unaweza?"

Nehemia alimweleza kwamba kila chombo kilikuwa na maikrofoni yake, hivyo angeweza kuzima fidla akabakiza ngoma. Alimpigia ya asubuhi ya siku ya pili, ya jioni yake, kisha ya asubuhi iliyofuata na ya jioni yake. Inspekta alifumba macho. Akaomba tena. Asubuhi ngoma ililia juu, kavu, kama mtu anagonga meza. Jioni ilikuwa nzito, ya chini, yenye tumbo. Kesho yake asubuhi ilikuwa imepanda tena.

"Kwa nini inabadilika?"

"Asubuhi tunaikuta imekaza mno," alisema Nehemia. "Nuala anaipaka maji kwa kiganja, inalegea, tunaendelea. Kwao ndivyo wanavyofanya. Nyumba zao zina hita, ngozi inakauka."

"Kila asubuhi mliikuta imekaza?"

"Tangu siku ya pili, kila asubuhi. Nuala mwenyewe alikuwa anashangaa."

Inspekta alifumbua macho. Alikuwa amekulia jirani na parokia, na katika usichana wake alikuwa amebeba ngoma nyingi kuzipeleka juani kabla ya misa, kwa sababu ngoma ikilala usiku huamka imelegea kama mkate uliomwagikiwa chai. Na huko kulikuwa bara. Hapa bahari ilikuwa ng'ambo ya barabara. Hapa chumvi hugandiana ndani ya kopo, na biskuti ikisahauliwa mezani usiku, asubuhi huweza kukunjwa kama barua.

"Koplo," alisema, "ngoma gani inalala Raskazone halafu inaamka imekaza?"

Koplo Wilfred alifikiri kwa uaminifu. "Ya kichawi, afande."

"Au iliyoota moto."

Koplo alitafakari. "Afande, mwizi gani anaota moto na mali anayotaka kuiba, halafu anairudisha, kila siku?"

"Hakuna," alisema Inspekta Praxeda. "Ndiyo maana tutaacha kumtafuta mwizi."

Mzee Taimur alikuwa ameketi karibu na mlango, tasbihi mkononi. Punje zilikuwa zimesimama.

* * *

Inspekta alimfuata Bi Shariffa jikoni kwa kisingizio cha kurudisha vikombe. Jiko lilikuwa la gesi, lenye mafiga manne, linang'aa. Alilisifu. Bi Shariffa alisema mwanawe Luay alilileta kutoka Muscat, na tangu liingie, mkaa hautumiki tena nyumbani.

Nje, kwenye ua wa nyuma, palikuwa na seredani ya zamani, jiko la mkaa, chini ya ngazi, na ndani yake majivu. Inspekta aliinama, akagusa kwa ncha ya kidole. Yalikuwa mepesi, makavu, hayajanyeshewa wala kupigwa na umande wa siku nyingi. Ukingoni palikuwa na kitu kidogo cheusi kilichojikunja. Alikinusa. Harufu ya ngozi ya mbuzi iliyoungua haifanani na nyingine yoyote.

"Mama, na hii?"

"Hiyo ni ya mzee," alisema Bi Shariffa. "Siku hizi akitoka kuswali isha anawasha mkaa, anakaa peke yake. Nikimwuliza, anasema anasikia baridi."

Ulikuwa mwezi wa pili. Tanga, mwezi wa pili, hata barafu husikia joto. Bi Shariffa mwenyewe alikuwa akijipepea kwa upindo wa mtandio wakati akisema hayo, akaona macho ya inspekta, akaacha kujipepea.

"Labda ana homa," alisema polepole.

"Labda," alisema inspekta.

Alirudi sebuleni, akasimama mbele ya Mzee Taimur, akamwuliza kwa adabu zote sebule ile ilikuwa na funguo ngapi.

"Mbili," alisema mzee.

"Koplo hakuelezwa."

"Hakuniuliza."

Na ilikuwa kweli. Koplo Wilfred alikuwa amemhoji mtunza bustani, mpishi, jirani wa kulia, jirani wa kushoto, na kwa muda mfupi paka. Lakini kumwuliza mwenye nyumba habari za ufunguo wa nyumba yake mwenyewe, huku umeshika kikombe chake cha kahawa na umekalia zulia lake, hilo lilikuwa halijampitia kichwani, wala lisingempitia mtu yeyote aliyelelewa pwani hii. Koplo alianza kuchunguza viatu vyake.

"Nasikia wewe ndiye kiongozi wa madufu ya maulidi hapa mtaani," alisema inspekta. "Naomba kuyaona."

 Mzee alisimama kwa kuitegemea fimbo, akatangulia.

Stoo ilikuwa mwisho wa ukumbi, safi, yenye harufu ya udi. Madufu yalitundikwa ukutani kwa safu, kila moja kwenye msumari wake, nyuso za ngozi zikitazama mlango. Kwa mbele yalifanana. Inspekta Praxeda alianza juu kushoto. Alitungua moja, akaligeuza, akalitundika. Alitungua la pili.  Kwenye safu ya chini, nyuma ya kanzu za sherehe, kulikuwa na moja pana kidogo kuliko mengine, ngozi yake mpya, nyeupe, bado ina vinyweleo ukingoni. Alilitungua akaligeuza. Ndani yake, kutoka ukingo mpaka ukingo, vilipita vipande viwili vya mti vilivyokatana katikati, vya kushikia mkono.

Aliutazama ule muundo kwa muda. Kisha akamwinulia mzee aone.

"Mzee wangu, mimi ni Mkatoliki, mambo ya maulidi siyajui vizuri," alisema. "Hili dufu lenye msalaba mnalipigia kaswida gani?"

Mzee Taimur aliketi juu ya sanduku. Kwa mara ya kwanza alionekana na umri wake wote.

Aliyasimulia bila kupamba. Siku ya kwanza alimwona Nuala akimwaga maji kwenye ngozi ya ngoma, akahisi kama anaona mtu anaosha redio. Kumkosoa mgeni mbele ya watu ni jambo ambalo baba yake asingelifanya, na yeye pia hakulifanya. Usiku alifungua sebule kwa ufunguo wake, akaichukua ngoma, akaipasha joto taratibu kama anavyoyapasha madufu yake, akairudisha, akalala akiwa na furaha ya mtu aliyetoa sadaka kwa siri. Kesho yake mgeni akaipaka maji tena. Usiku akaipasha tena. Hivyo ngoma moja ikawa inateswa kwa zamu na watu wawili wanaoipenda, mmoja mchana kwa maji, mwingine usiku kwa moto, na kila mmoja akijiona ndiye mwokozi wake. Juzi ngozi ikachoka. Ilipasuka juu ya makaa, katikati, kwa sauti moja.

Alikuwa na ngozi ya mbuzi iliyo tayari. Akawamba usiku uleule. Ingekauka, angeirudisha, na pengine wasingejua. Lakini asubuhi polisi wakaja kabla ngozi haijakauka, na mbele ya macho yake kijana akavalishwa pingu.

"Nilikuwa na maneno mdomoni, wallahi," alisema. "Lakini mgeni kavunjikiwa na kitu cha baba yake, ndani ya nyumba yangu, kwa mkono wangu. Nikajiambia, ngozi ikikauka tu, nitasema. Nikasema ikikauka tu."

Inspekta Praxeda aligonga ngoma kwa kifundo cha kidole. Sauti iliyotoka iliwafanya wote wawili wainamishe vichwa kuisikiliza, kwa sababu ilikuwa nzuri.

"Imekauka, mzee," alisema. "Nehemia bado ana pingu."

* * *

Nuala aliipokea ngoma kwa mikono miwili. Mbao alizitambua mara moja. Kisha akaigeuza, akaona uso mweupe usio wake, akaupitisha kiganja mara nyingi, polepole, akitafuta kitu. Cormac alieleza kwa sauti ya chini kwamba ngozi ya zamani ilikuwa na doa jeusi katikati, pale mkono wa baba ulipokuwa ukigusa miaka yote. Mzee Taimur alisikia hilo. Alikuwa amesimama ukutani bila fimbo. Alipotaka kusema, Nuala aliinua kiganja kumzuia, si kwa hasira, ila kama mtu ambaye bado hajamaliza kusoma. Akaweka sikio karibu na ngozi. Akagonga kidogo. Akagonga tena. Halafu akamwambia Cormac jambo fupi.

"Anasema anafuta malalamiko yake," alisema Cormac. "Na anataka kuisikia humu ndani. Leo. Kabla jua halijazama."

Inspekta alimtazama koplo. Koplo alitafuta ufunguo wa pingu katika mifuko yote aliyopewa na serikali, akaupata katika wa mwisho, akamfungua mtuhumiwa, na baada ya kuonyeshwa kwa kidole, akajifungua na yeye.

Nehemia alisugua kifundo cha mkono. Hakumwangalia mwenye nyumba. Alipanga maikrofoni moja karibu na fidla, moja karibu na ngoma, na moja katikati ya chumba, juu, ya kushika mwangwi. Alivaa hedifoni. Alikuwa na haki ya kuondoka, na mabasi ya Maramba yalikuwa bado yapo. Wote waliokuwa mle walijua hivyo, kwa hiyo walimtazama kama abiria wanavyomtazama dereva aliyeshuka garini bila kusema anakwenda wapi.

"Mzee Taimur," alisema hatimaye. "Naomba usimame hapo katikati. Nataka kupima sauti ya chumba."

Mzee alisogea, akasimama chini ya maikrofoni. "Nifanye nini, mwanangu?"

"Uongee kidogo."

"Niseme nini?"

"Chochote kilicho kweli."

Taa nyekundu iliwaka. Mzee Taimur alitazama mawe ya nyumba ya baba zake.

"Mimi ndiye niliyeichukua ngoma," alisema. "Niliiharibu. Nikanyamaza. Huyu kijana akalala mahabusu kwa ajili yangu, naye hana kosa."

Nehemia alizungusha kitufe kimoja, akatazama mshale, akatikisa kichwa kwa huzuni ya kitaalamu.

"Iko chini, mzee. Rudia."

Mzee alirudia. Bi Shariffa, mlangoni, aliufunika mdomo kwa mtandio. Fundi alizungusha kitufe kingine.

"Imesogea. Ila huko nje getini, yule mtunza bustani aliyeniona napakiwa kwenye difenda ya polisi, sidhani kama imemfikia."

Basi Mzee Taimur alivuta pumzi, akainua kichwa, akasema mara ya tatu kwa sauti yake ya maulidi, ile inayofika mwisho wa mtaa bila spika. Aliyataja majina yote, lake kamili na la Nehemia kamili. Sebule iliyapokea maneno yale, ikakaa nayo, ikayarudisha mazito. Nje fagio la mtunza bustani lilisimama.

"Hapo," alisema Nehemia. "Hapo ndipo."

Akainua kidole. Mzee alitaka kurudi ukutani lakini hakuthubutu kupiga hatua, kwa kuwa Nuala alikuwa ameshaanza. Ngoma ilibisha hodi, na safari hii haikuwa na sauti ya asubuhi wala ya jioni. Ilikuwa sauti ambayo hakuna aliyewahi kuisikia, hata mwenye ngoma, na uso wake ulionyesha hivyo. Cormac alisahau kuingia. Alipokumbuka, alipandisha fidla juu ya ile ngozi mpya kwa woga, kama mtu anayeingia nyumba ya watu kwa mara ya kwanza, kisha akazoea, kisha muziki ukawa mmoja, ukajaa mpaka darini, na mzee aliyesimama katikati yake akafumba macho, machozi yakimteremka ndevuni bila kuyafuta, kwa kuogopa kwamba hata kanzu ingefanya kelele.

Sauti ya mwisho ilichukua muda mrefu kuisha. Nehemia aliusubiri mwangwi wote uondoke, kidole bado juu, na hakuna aliyepumua mpaka alipokishusha.

 Cormac aliuliza, kwa kile Kiswahili chake kilichonyooka, kama maneno ya mzee pale mwanzoni yatakatwa.

Nehemia alivua hedifoni. Alimtazama Mzee Taimur usoni kwa mara ya kwanza tangu afunguliwe.

"Mzee aamue," alisema.

Mzee Taimur alijifuta uso kwa kiganja, akafikiri.

"Yaache," alisema.